Uwanja Peke Yake Hauleti Ushawishi

Nikifundisha uhusiano wa kimataifa hapa Kampala, kwa wanafunzi au kwa maofisa wa serikali, nasikia kauli ileile kuhusu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika: "Tukishaandaa AFCON 2027, dunia itatuheshimu." Nimechoka kuisikia, hasa kwa kuwa baadhi ya wanaoisema ndio wanaopanga bajeti.

Dhana: Kuandaa mashindano kunaipa nchi ushawishi.

Mashindano huleta macho, na macho hayachaguliwi cha kutazama. Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani, mara ya kwanza barani Afrika. Lakini tangu Februari Bunge la Ulaya lilikuwa limetaka mbio hizo zifutwe Rwanda isipobadili mwenendo wake mashariki mwa Kongo. Vita vya huko vikaingia katika habari za baiskeli.

Hapo wanafunzi hunijibu kwa mfano wa Afrika Kusini: iliandaa Kombe la Dunia katikati ya 2010, na Desemba mwaka huohuo ikaalikwa BRIC, kundi la Brazil, Urusi, India na China. Sawa, lakini nchi hiyo ilikuwa ndani ya G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, tangu 1999. Uzito ilikuwa nao tayari. Mpira uliupa jukwaa tu.

Ushahidi tunao hata nyumbani. Machi 2017 tuliandaa mbio za nyika za dunia pale Kololo. Nje ya wapenzi wa riadha, nani anazikumbuka? Wanaokumbukwa ni wakimbiaji. Jacob Kiplimo alitwaa dhahabu ya vijana siku ile. Joshua Cheptegei aliishiwa nguvu mzunguko wa mwisho mbele ya watu wake, akamaliza wa 30. Mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000. Kila wanapokimbia ugenini, Uganda inatajwa vizuri, na hatukujenga jukwaa hata moja.

Ndiyo maana nasisitiza, hata kama wanafunzi wananichoka: shilingi ya kwanza iende kwa makocha na viwanja vya mazoezi kule Sebei, mashariki mwa Uganda wanakotoka wakimbiaji hao, ya pili kwa mafunzo ya maofisa wa uhamiaji pale Entebbe. Mwandishi wa habari aliyezungushwa viza siku tatu hataandika uzuri wa nyasi zetu.

Dhana: Uwanja mpya ni ishara ya nguvu ya taifa.

Namboole, uwanja wetu wa taifa uliofunguliwa 1997, ulijengwa kwa msaada wa China. Aliyejipatia ushawishi hapo ni aliyetoa.

Dhana: Kugawana AFCON na Kenya na Tanzania kunatupunguzia sifa.

Kinyume chake. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilizipa nchi tatu uenyeji huo Septemba 2023, jambo ambalo halijawahi kufanyika katika AFCON. Kinachotazamwa sasa ni kama tunaweza kufanya kazi pamoja. Basi la mashabiki likivuka mipaka ya Busia (na Kenya) na Mutukula (na Tanzania) bila kukwama, wawekezaji watajifunza kuhusu Afrika Mashariki jambo ambalo sherehe ya ufunguzi haiwezi kuwafundisha. Wizara zetu zianze na mipaka hiyo.