Je, wajua kwa nini kitenzi cha Kiingereza hakina wakati ujao?

Mama mmoja anayeuza vikwembe, yaani vitenge, Birere, hapa Goma, huja kwangu jioni mara mbili kwa wiki kujifunza Kiingereza. Mali yake inatoka Kampala, na mwenye duka anayemuuzia huko hajui Kifaransa. Juzi alinisogezea simu nisome ujumbe kabla hajautuma: "When I will arrive in Kampala, I will call you."

"Mama, hiyo 'will' ya kwanza uitoe."

"Kwa nini, Mwalimu? Si nitafika kesho kutwa? Kosa iko wapi?"

Swali lake lina haki, na jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Kitenzi cha Kiingereza kina maumbo mawili tu ya wakati: "call" kwa sasa, "called" kwa jana. Umbo la kesho halipo. Sisi tuna -ta-, Wafaransa wana mkia wao kama ule wa "appellerai" (nitapiga simu), lakini kitenzi cha Kiingereza chenyewe hakina pa kuupachika wakati ujao, hivyo huazimiwa neno jingine likitangulie. Zamani, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, watu wa huko walitumia sana umbo la sasa hata kwa mambo ya kesho, na msikilizaji akaelewa kutokana na mazungumzo. Neno lililokuja kuzoeleka ni "will", na asili yake ni kutaka. Ndiyo maana hadi leo utashi wa mtu huitwa "will", na wosia anaouacha akifa ni "will" vilevile.

Hapo huwa nawasimamisha wanafunzi wangu, kwa sababu Kiswahili kimepita njia hiyohiyo. Ile -ta- yetu ni -taka iliyofupika. Tamka polepole "atakayekuja", kisha "nitakapofika", utaisikia -taka- nzima imekaa humo ndani. Na sikiliza tunavyosema mawingu yakiwa meusi upande wa Nyiragongo, volkano yetu: mvua inataka kunyesha. Mvua haina utashi, ila kwetu kutaka kumeshaelekea kuwa karibu kutokea. Gari likigoma asubuhi tunasema halitaki kuwaka. Mwingereza anasema "The car won't start", na hiyo "won't" ni "will" iliyokanushwa: gari halitaki. Sijui mfano mwingine unaonifurahisha kama huu, lugha mbili zisizo na undugu zikimlaumu injini kwa neno moja.

Kifaransa kilishika njia nyingine. Tazama miisho ya "appellerai, appelleras, appellera", kisha useme "j'ai, tu as, il a". Ni kitenzi cha kuwa na kitu, kilichogandamana na kitenzi kikuu tangu enzi za Kilatini.

Sasa turudi kwenye ujumbe. Nilimwomba Mama auseme kwa Kiswahili bila kufikiri. Akasema, "Nikifika Kampala, nitakupigia." Nikamuuliza -ta- ziko ngapi. Akahesabu kwa kidole juu ya meza: moja. Ile -ki- haitaji wakati wowote, inaweka sharti tu, na kesho yote inabebwa na "nitakupigia". Kiingereza hufanya hivyohivyo: "When I arrive in Kampala, I will call you." "Will" ni moja, nayo imekaa upande wa ahadi. Kweli, mtu anaweza kusema "nitakapofika", na si kosa, lakini sokoni na njiani tunasema "nikifika".

Kilichompoteza ni Kifaransa cha shuleni, "Quand j'arriverai à Kampala, je vous appellerai", chenye wakati ujao mara mbili. Jambo hili linaniuma. Watoto wetu wengi hufundishwa Kiingereza kupitia Kifaransa, kana kwamba Kiswahili hakina la kuwasaidia, na hapa ndicho kinachofanana zaidi na Kiingereza. Hata hivyo, aliyezoea Kifaransa asikate tamaa: baada ya "si" yake, yaani "kama", Mfaransa haweki wakati ujao, husema "si j'arrive". Basi aichukulie "when" ya namna hii kama "si" yake.

Kuna tofauti nyingine ambayo mtu wa Goma anapaswa kuijua vizuri. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Mtu akisema "The volcano will erupt again", anatabiri tu kwa kujua tabia ya mlima huo. Unaweza kumaliza kula. Akisema "The volcano is going to erupt", maana yake dalili ziko mbele yake sasa hivi, pengine ardhi inatetemeka, unabeba watoto. Hiyo "going to" ilianza kama safari ya miguu kabisa, mtu anakwenda kufanya jambo, sawa na "je vais" ya Kifaransa.

Yaliyobaki ni mepesi. Ukiwa na tiketi mfukoni unasema "I am travelling on Friday", kama tunavyosema Ijumaa nasafiri. Kwa ratiba, kama boti ya kwenda Bukavu, umbo la sasa linatosha: "The boat leaves at seven", na ukumbuke kwamba "seven" hiyo ya asubuhi ni saa moja yetu.

Kabla hajaondoka, Mama alirudi na shaka: mbona kitabu chake kimeandika "I don't know when he will arrive", ambapo "when" na "will" zinafuatana? Nikamwambia aigeuze tena kwa Kiswahili. "Sijui atafika lini." Ni hapo hapo. Ikiwa Kiswahili chako kina -ki-, "will" iondoke. Ikiwa kina lini, "will" ibaki, kwa kuwa unaulizia wakati wenyewe. Kifaransa huziita zote mbili "quand", ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Alikaa kwenye benchi la nje akaandika ujumbe wa pili bila kunionyesha kwanza: "Please tell me when the shop will open."