Je, wajua kwa nini Waparthi walimfungulia mfalme waliyemteka?

Demetrius II, mfalme wa dola ya Kigiriki ya Waseleuko iliyotawaliwa kutoka Antiokia, alitekwa na Waparthi, watawala wa Uajemi (Iran ya leo), mwaka 138 KK, akakaa mikononi mwao kwa takriban miaka 10, kisha wao wenyewe wakamfungulia arudi kwao. Huruma haikuwamo katika uamuzi huo.

Utawala wake ulikuwa na misukosuko tangu awali. Alipotwaa kiti mwaka 145 KK, angali kijana, aliwategemea askari wa kukodiwa kutoka Krete na kuwaachisha kazi askari wa nchi. Watu wa Antiokia walipomwasi, aliwazima kwa msaada wa wapiganaji wa Kiyahudi, na sehemu ya mji ikateketea. Jemadari Diodotus Tryphon aliitumia chuki hiyo kumtawaza mtoto mdogo, Antiochus VI. Kwa hiyo Demetrius alipokwenda mashariki kupigana na Waparthi, aliacha nyuma nchi iliyokwisha kugawanyika.

Mithridates I, mfalme wa Parthia, hakumtesa mateka wake. Alimweka Hyrcania, karibu na Bahari ya Kaspi, akamwoza binti yake Rhodogune, kwa maana mfalme aliye hai ni silaha ya kuwekwa akiba. Demetrius alitoroka mara mbili na mara zote mbili akakamatwa. Inasimuliwa kwamba Phraates II, mrithi wa Mithridates, alimpa dadu za dhahabu ili kuikejeli tabia yake ya kitoto.

Wakati huo mdogo wake, Antiochus VII, alikuwa ameshika kiti na kumwoa mke wa Demetrius, Cleopatra Thea. Antiochus alipoivamia Parthia mwaka 130 KK na kuitwaa tena Babeli, Phraates aliitoa silaha yake: akamrudisha Demetrius Siria, ili mvamizi alazimike kugeuka kukilinda kiti chake. Hila hiyo ilikuwa ya busara, ila ilichelewa. Antiochus aliuawa vitani mwaka 129 KK, na wapanda farasi waliotumwa kumkamata tena Demetrius hawakumwahi.

Ajabu ni kwamba, badala ya kuituliza Siria, Demetrius alijitosa katika ugomvi wa kifalme wa Misri kwa ahadi za mama mkwe wake, malkia Cleopatra II. Jeshi lake likaasi, na Ptolemy VIII, mfalme wa Misri, akamwinulia mpinzani, Alexander Zabinas. Demetrius aliposhindwa karibu na Damasko alikimbilia mji wa Ptolemais, lakini Cleopatra Thea akaamuru milango ifungwe. Akaenda Tiro, akauawa huko mwaka 125 KK.