Wageni, kelele na pombe hosteli: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Kwa miaka miwili nilikuwa mwakilishi wa ghorofa katika hosteli ya chuo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kugonga mlango muziki ukizidi, kuhakikisha wageni wameandikwa, kumwita mlezi, yaani msimamizi wa hosteli, jambo likinishinda. Katika muda wote huo sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyeamka akiwa na nia ya kuvunja kanuni. Waliovunja waliamini jambo lisilo kweli, na mara nyingi walilirithi kwa waliowatangulia. Walioumia zaidi walikuwa wenzao wa chumba na majirani wa upande wa pili wa ukuta, watu ambao hata hawakuulizwa. Ninayaandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote anayejiandaa kupokea ufunguo kwa mara ya kwanza.

"Chumba nimekilipia, mgeni wangu hamhusu mtu"

Ulicholipia ni nafasi ya kulala, na kwa kawaida ni nusu au robo ya chumba. Karatasi unayosaini siku ya kuingia, katika vyuo vingi, haikufanyi mpangaji kama wa nyumba ya mtaani. Inakupa ruhusa ya kukaa kwa masharti, na wageni wametajwa humo: waandikwe mlangoni, waongozane nawe wakiwa ndani, waondoke saa fulani, na kama kulala kunaruhusiwa basi ni kwa idadi ndogo ya siku. Wahenga walishalimaliza hilo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Lakini kabla ya mlezi kuna mwenye kitanda cha pili, na hapo ndipo watu wanapokosea zaidi. Usiku mmoja nilimkuta msichana wa ghorofa yetu kwenye chumba cha kufulia nguo. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mto mapajani, daftari juu ya mto, mashine nyuma yake inazunguka. Nilidhani anasubiri nguo. Nguo hazikuwa zake. Mwenzake wa chumba alikuwa na mgeni kwa usiku wa kumi na moja, naye hakutaka kurudi hadi watu wale walale. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Siku ya kwanza aliniomba, nikakubali."

Kukubali usiku mmoja si kukubali kumi na moja. Wala kunyamaza si kukubali. Mtu akiombwa mbele ya mgeni mwenyewe, mkoba ukiwa umeshawekwa chini, atasema "hakuna shida" hata kama moyo wake unakataa, kwa sababu hakuna aliyelelewa kumfukuza mgeni mlangoni. Ukitaka ruhusa ya kweli, omba mgeni akiwa bado kwao, taja siku ya kuja na siku ya kuondoka, kisha mpe mwenzako nafasi ya kusema hapana. Vyuo vingine huwapa wanaokaa pamoja fomu ya makubaliano ya chumba, wajaze wiki ya kwanza: wageni, taa, usingizi, kusoma. Wengi huijaza kwa dakika tatu wakicheka. Ijaze kwa uzito, maana ndiyo itakayosomwa siku mkikosana.

Na ndugu? Dada, mama, binamu aliyepita njia, hata mwanafunzi mwenzako wa jengo la jirani: kwa kanuni nyingi wote ni wageni. Asiyepangiwa jengo hilo ni mgeni.

"Kubebana ni kusaidiana tu"

Kubebana ni kumlaza chumbani kwako mtu asiyepangiwa humo. Hili linanigusa, kwa sababu anayebebwa mara nyingi hana pa kulala, na anayembeba anafanya wema. Huruma hiyo siibezi. Ila watu wafahamu kinachovunjwa. Ngazi, milango ya dharura na vyoo vya jengo hupangwa kwa idadi fulani ya watu. Moto ukitokea, waokoaji huuliza swali moja la kwanza: nani bado yuko ndani? Jibu hutoka kwenye orodha ya chumba na daftari la wageni. Ambaye hajaandikwa popote hatafutwi, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba yupo. Daftari lile la mlangoni, ambalo tunaliona kama upekuzi, ni orodha ya watu wa kutafutwa.

Kwa hiyo ukimpokea mwenzako asiye na pa kulala, nenda naye ofisini kesho yake mapema. Vyuo vingi vina namna ya kumpa nafasi ya muda mwanafunzi aliyekwama, na walezi wengi husikiliza kuliko tunavyowatangaza. Kumpa ufunguo au kadi yako ya mlango ni kosa jingine kabisa, na adhabu yake huwa kubwa kuliko ya mgeni mwenyewe.

Kuhusu makosa ya mgeni sitachukua muda. Akivunja kioo, akipiga kelele, akimsumbua mtu, anayeitwa ni mwenyeji. Mchuma janga hula na wa kwao, na kanuni za hosteli zimeandikwa hivyohivyo.

"Saa za utulivu zinaanza saa 4, kabla ya hapo ni ruhusa"

Saa za utulivu, ambazo mara nyingi huanza saa 4 au saa 5 usiku, ni muda ambao sauti haitakiwi kuvuka mlango wako. Muda uliobaki si uwanja wa kelele. Karibu kila kitabu cha kanuni kina sharti la pili ambalo watu huliruka: saa zote 24, jirani akikuomba upunguze, unapunguza. Yupo aliyetoka zamu ya usiku, yupo mgonjwa, yupo mwenye mtihani kesho. Wakati wa mitihani vyuo vingi huufanya utulivu uwe wa usiku na mchana.

"Lakini sauti ni ndogo, hata mimi siisikii vizuri"

Nimeambiwa maneno haya nikiwa nimesimama mlangoni, na anayeyasema husema kweli. Tatizo ni kwamba anapima kwa masikio yaliyo upande wa spika. Ukuta huzuia vizuri sauti nyembamba, kama maneno na vinanda, lakini besi, ile sauti nzito ya chini, hupenya. Mawimbi yake marefu hutikisa ukuta na sakafu vyenyewe, navyo vinakuwa spika kwa jirani. Ndiyo maana yeye hausikii wimbo, anasikia dundo tu, na dundo bila wimbo huchosha kuliko muziki mzima. Sogeza spika mbali na ukuta, itoe sakafuni na uiweke juu ya kitu laini, punguza besi kabla ya kupunguza sauti. Kisha toka, funga mlango, simama hatua chache kwenye korido. Ukisikia chochote, jirani anasikia zaidi.

Desibeli, kipimo cha sauti, nazo hudanganya wasiozizoea, kwa sababu kila ongezeko la desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Kati ya namba hizo mbili kuna tofauti ya mara 1,000. Kwa hiyo wanaopiga soga kwenye korido saa 7 usiku, ambao wangeapa kwamba hawakupaza sauti, wanamwamsha aliye nyuma ya mlango mwembamba.

Na anayesema "aliyelala hasikii" amekosea pia. Sikio halilali. Kelele inaweza kumtoa mtu kwenye usingizi mzito na kumpandisha mapigo ya moyo bila yeye kuamka kabisa. Asubuhi atakwambia alilala vizuri, na atasinzia darasani bila kujua sababu.

Jambo moja naliomba: gonga mlango kabla ya kushtaki. Asilimia kubwa ya malalamiko niliyoyapokea yalihusu watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia. Lakini ukigonga mara mbili na hali ni ileile, kumwita mlezi si usaliti. Ndiyo kazi yake.

"Nimefika umri, kwa hiyo pombe chumbani ni halali"

Sheria ya nchi inaweka umri wa chini kabisa. Marekani ni miaka 21, baada ya sheria ya shirikisho ya 1984 kuyabana majimbo kwa kutishia kuyapunguzia fedha za barabara. Nchi nyingi ni 18. Chuo kinaweza kuweka sharti kali zaidi ndani ya majengo yake, na ukisaini umelikubali. Wapo wanaopiga marufuku kabisa, wapo wanaoruhusu kwa wenye umri lakini si mapipa ya bia wala michezo ya kushindana kunywa, wapo wanaokataza chumba kizima iwapo mmoja wa wakaaji hajafikia umri. Soma karatasi yako. Ya rafiki yako wa chuo kingine haikuhusu.

Vilevile "mimi sikunywa, nilikuwepo tu" si kinga kila mahali. Baadhi ya vyuo huhesabu kuwepo chumbani wakati kanuni inavunjwa kama kosa, ingawa dogo.

"Mwacheni alale, pombe itamtoka"

Hapa naomba usome polepole.

Saa 8 usiku mwaka wangu wa pili, vijana wawili waligonga mlango wangu wakanong'ona kwamba mwenzao "amezidiwa kidogo". Nilimkuta amelala chali, blanketi hadi kidevuni, ndoo safi pembeni. Walikuwa wamemvua viatu na kuvipanga vizuri chini ya kitanda. Walimjali, hilo lilionekana. Ila alikuwa akikoroma mkoromo wa majimaji, kama mtu anayevuta mwisho wa kinywaji kwa mrija, na nilipomwita na kumfinya begani hakufumbua jicho. Tulimgeuza kiubavu, na matapishi yakamtoka papo hapo. Kama angebaki chali yangeshuka kwenye njia ya hewa, kwa sababu pombe nyingi huzima ile hali ya mwili kukohoa na kujikinga.

Walikuwa wamekaa karibu saa nzima wakibishana kama wamwite mtu. Waliogopa kufukuzwa.

Dhana waliyoishikilia ni kwamba mtu akiacha kunywa, kilele kimepita. Sivyo. Kilichoko tumboni huendelea kuingia kwenye damu, na kiwango kinaweza kufika juu zaidi kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kinywaji cha mwisho. Aliyekuwa anaongea wakati mnamlaza anaweza kuwa hajitambui mnaporudi. Ini nalo halikimbizwi. Huondoa gramu 7 hadi 10 hivi za pombe kwa saa, na chupa ya bia ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina kama gramu 13. Kahawa humfanya mlevi awe macho, haimpunguzii pombe. Maji baridi ya bafu humwangusha, na humpoza mwili ambao pombe tayari inaupotezea joto. Kumtapisha kwa nguvu ni hatari ileile ya njia ya hewa.

Wale vijana walisema alikunywa "kidogo tu", chupa ndogo. Ilikuwa ya pombe kali, mililita 200, asilimia 40. Piga hesabu: mililita 80 za pombe tupu, karibu sawa na chupa tano za bia, na aliimaliza kwa mchezo wa dakika chache.

Ukiona mtu haamki ukimwita na kumfinya, anapumua chini ya mara nane kwa dakika, pumzi inakatika kwa sekunde kumi au zaidi, midomo au kucha zimegeuka rangi, ngozi ya baridi, anatapika bila kuamka, au ana degedege, piga simu ya dharura. Usisubiri dalili zote, moja inatosha. Mlaze kiubavu, goti la juu limekunjwa mbele, kichwa kimeinama nyuma kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi. Usimwache peke yake hata dakika ya kwenda chooni.

Ile hofu ya kufukuzwa ndiyo dhana iliyobaki, na ndiyo inayoua. Vyuo vingi sasa vina kanuni ya msamaha wa kitabibu: anayeita msaada, na mara nyingi hata aliyezidiwa, hashtakiwi kwa kosa la kunywa, ingawa anaweza kuitwa kuzungumza na mshauri. Majimbo mengi ya Marekani yameiweka kwenye sheria. Si kila chuo kinayo, basi ulizia cha kwako leo, ukiwa mzima na mchana. Na hata kama hakina, barua ya onyo inakatiwa rufaa.

Ukipiga simu taja jina la jengo, ghorofa, namba ya chumba, na geti gari linaloweza kuingilia. Mmoja wenu ashuke akasimame nje na tochi ya simu. Sisi usiku ule hatukulifikiria hilo. Gari liliyazunguka majengo mara mbili, taa zake zikipita dirishani, nami nimeshika bega la yule kijana nahesabu pumzi, hadi mlinzi alipokimbia kulionyesha ngazi.