Je, wajua kwa nini mlinzi bora wa timu huweza kuwa na takwimu ndogo?

Kila mwaka, kabla msimu wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (ile ya kubeba mpira mikononi, si soka) haujaanza mwishoni mwa Agosti, mashabiki hupanga orodha ya walinzi wa timu yao: nani wa kwanza, nani wa pili, hadi wa mwisho. Njia ya mkato ni kufungua takwimu za msimu uliopita na kutazama nani aliwaangusha wabeba mpira mara nyingi zaidi. Hesabu hiyo inaonekana haina ubishi, na hukosea mara nyingi ajabu.

Chuo Kikuu cha Georgia kinatosha kwa mfano. Msimu wa 2021 ulinzi wake uliruhusu wastani wa pointi 10 hivi kwa mechi, chache kuliko timu nyingine yoyote ya daraja la juu, na Januari 2022 timu ikaifunga Alabama 33-18 ikatwaa ubingwa. Aliyeongoza kwa kuangusha alikuwa Nakobe Dean wa mstari wa pili, yaani walinzi wanaosimama nyuma ya wale wa mbele, mara 72. Jordan Davis, jitu la kilo 155 hivi lililosimama katikati ya mstari wa mbele, alimaliza na 32. Kwa njia ya mkato, Davis hafiki hata nusu ya Dean. Lakini tuzo ya Bednarik, ya mlinzi bora wa nchi nzima, alipewa Davis.

Tatizo la kwanza ni kwamba takwimu haiulizi mtu kaangushwa wapi. Kumwangusha mbeba mpira baada ya nusu yadi huhesabiwa moja. Kumwangusha baada ya kukimbia yadi 20, huku mashabiki wa upande wa pili wameshasimama vitini, nako huhesabiwa moja. Kwa hiyo beki wa mwisho akiongoza timu kwa kuangusha, kabla ya kumpigia makofi inafaa kuuliza wapinzani walimfikiaje. Tena timu isiyoweza kumnyima mpinzani mpira hukaa ikilinda muda mrefu zaidi, na kila mchezo wa ziada ni nafasi nyingine ya kuangusha mtu. Ulinzi mbovu huzaa takwimu nono.

Dean hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa hodari kweli, na tuzo ya Butkus, ya mchezaji bora wa mstari wa pili, aliichukua yeye. Hata hivyo mbele yake kulikuwa na kitu.

Timu inayoshambulia huweka watu watano wakubwa mbele ya kwotabeki, yule mrusha mpira. Kazi yao ni kuwasukuma walinzi ili njia ifunguke. Kati ya mtu na mtu kuna upenyo, na kila upenyo una mlinzi aliyekabidhiwa. Mlinzi wa kawaida wa katikati huzuiwa na mtu mmoja. Davis mara nyingi alihitaji wawili, maana akiachiwa mmoja angemrudisha kinyumenyume hadi miguuni pa kwotabeki. Watano ukitoa wawili, wamebaki watatu wa kuwashughulikia walinzi wengine wote. Hapo mtu wa mstari wa pili anakosa wa kumgusa. Anasoma mchezo kwa utulivu, anashuka. Mbeba mpira naye, akikuta katikati kumezibwa, anakata pembeni, moja kwa moja mikononi mwa aliyeachwa huru.

Aliyekulia kwenye boma lenye ng'ombe mkorofi anaujua mgawanyo huu. Mmoja anashika: bega limeegemea ubavu, mguu unakanyagwa, mkia unamchapa usoni. Mwingine anachuchumaa na kukamua. Lita zikipimwa, zote zimetoka mikononi mwa mkamuaji, na hakuna chombo cha kupimia kushika. Mwondoe mshikaji siku moja: mkamuaji ni yuleyule, vidole ni vilevile, ndoo imepigwa teke. Ila tusizidishe. Mshikaji peke yake hana maziwa, na mkamuaji mvivu hupata kidogo hata ng'ombe akishikwa na watu watatu.

Ndiyo maana haiwezekani kusema ni ngapi kati ya zile 72 zilikuwa za Davis. Pembeni yake walisimama Devonte Wyatt na Travon Walker, nao si watu wa kubezwa, na mpinzani alipotarajiwa kurusha mpira Davis mara nyingi alikuwa benchi. Wakosoaji walilishikilia hilo, na walikuwa na hoja.

Kuna pia namba inayoshuka kwa sababu mchezaji anaogopwa. Derek Stingley, mlinzi wa Chuo Kikuu cha Louisiana State (LSU), alinasa pasi 6 za wapinzani mwaka 2019, wa kwanza wake chuoni. Misimu miwili iliyofuata, sifuri. Timu ya Houston ikamchukua vilevile, wa tatu kati ya wote walioingia ligi ya kulipwa mwaka 2022. Maelezo matamu ni kwamba wapinzani waliacha kurusha upande wake, na yana ukweli ndani yake. Lakini pia aliumia: mwaka 2021 alicheza mechi tatu tu.

Daftari lenyewe lina vituko vyake. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianza kutambua rasmi takwimu za ulinzi mwaka 2000. Hivyo rekodi ya kumwangusha kwotabeki nyuma ya mstari ndani ya msimu mmoja ni 24, ya Terrell Suggs wa Arizona State mwaka 2002, ingawa Derrick Thomas wa Alabama alifanya hivyo mara 27 mwaka 1988. Thomas aliwahi mno.

Wanaopanga kwa umakini hutazama video mchezo kwa mchezo na kumpa kila mtu alama kwa kazi aliyokabidhiwa, hata kama mpira haukupita kwake. Bado wanabashiri, kwani kila mwaka wengine huondoka na wengine huhamia vyuo vingine. Georgia ilipoteza walinzi watano katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa 2022, ambapo timu za kulipwa huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, Davis akiwemo, na Dean akafuata raundi ya tatu. Msimu uliofuata ikashinda mechi zote 15, fainali ikiipiga TCU 65-7. Katikati sasa alikuwepo Jalen Carter, aliyekuwa akipokezana na Davis na Wyatt. Philadelphia walimteua wa tisa mwaka 2023. Alikuwa ameangusha mara 32.