Ni Sheli Gani Iliyoanzisha Programu? Ufafanuzi kwa Wasimamizi wa Mifumo

Katika ripoti za matukio ya usalama zinazofikia kitengo chetu kuna kosa linalojirudia kiasi cha kutulazimu kulitolea ufafanuzi. Msimamizi wa seva anaandika kwamba programu iliyotiliwa shaka ilianzishwa na bash, mojawapo ya sheli (programu zinazopokea amri na kuzitekeleza), na ushahidi pekee anaouambatisha ni picha ya skrini yenye thamani ya kigeu cha SHELL, yaani kumbukumbu ndogo ya mfumo inayotaja sheli ya mtumiaji. Hatutilii shaka nia yake njema. Hata hivyo, kigeu hicho hakijibu swali hilo, wala hakijawahi kulijibu.

SHELL huwekwa mtumiaji anapoingia katika mfumo, kwa kufuata sehemu ya mwisho ya mstari wake katika faili ya /etc/passwd, kisha hurithiwa na kila kinachoanzishwa baada ya hapo. Mtumiaji aliyepangiwa zsh, sheli nyingine, akiandika bash na kuendesha programu humo, SHELL itaendelea kusema /bin/zsh. Vivyo hivyo, skripti (faili ya amri) inayoanza na #!/bin/sh kwenye mifumo ya Linux ya Debian au Ubuntu hutekelezwa na sheli ya dash, na SHELL haitaitaja hata mara moja.

Anayetafutwa ni mchakato mzazi, yaani programu inayoendeshwa iliyoanzisha nyingine. Kwa mchakato wenye namba 4127, amri ya ps -o ppid= -p 4127 hutoa namba ya mzazi; namba hiyo ikiwa 3980, amri ya readlink /proc/3980/exe, ikitolewa kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), huonyesha faili halisi inayotekelezwa. Tunasisitiza exe kwa sababu jina linaloonekana kwenye orodha ya ps linaweza kubadilishwa na mchakato wenyewe, ilhali kiungo cha exe hutunzwa na keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Mzazi akiwa sudo (amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine), panda ngazi nyingine umtafute mzazi wa sudo yenyewe.

Wakati mwingine sheli ilihusika kweli lakini haionekani. Bash ikipewa amri moja sahili kwa bash -c, kwa kawaida haizai mchakato mpya, bali huiachia programu nafasi yake yenyewe, hivyo programu iliyotumwa kwa ssh (njia ya kuingia katika seva kwa mbali) huonekana kama mtoto wa sshd, programu inayopokea miunganisho hiyo, moja kwa moja. Na mzazi akimaliza kazi kabla ya mtoto, mtoto huhamishiwa kwa mchakato namba 1 au kwa mchakato mwingine ulioteuliwa, na keneli haihifadhi jina la mzazi wa awali. Ndiyo maana tunaomba uchunguzi ufanyike programu ikiwa hai. Wapo wanaoiwasha seva upya kwanza, kisha wanatuuliza mzazi alikuwa nani.

Kumbukumbu zilizowashwa mapema ndizo zinazosaidia baadaye. Kwenye Linux, auditd (programu ya kumbukumbu za ukaguzi) ikiwekewa kanuni ya execve, wito wa kuanzisha programu, huandika namba ya mchakato, ya mzazi, na auid, yaani mtumiaji aliyeingia awali, ambayo haibadiliki hata akibadilisha mtumiaji kwa su au sudo. Kwenye Windows, tukio namba 4688, la kuundwa kwa mchakato mpya, hutaja jina la mchakato mzazi kuanzia Windows 10 na Server 2016, mradi ukaguzi wa uundaji wa michakato umewashwa. Maandishi kamili ya amri huhitaji mpangilio wa ziada. Izingatiwe kwamba Windows huruhusu programu kumteulia mtoto wake mzazi mwingine, kwa hiyo jina la powershell.exe, sheli ya Windows, peke yake lisichukuliwe kuwa hukumu.

Kwa upande wa sheria, kifungu cha 40 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya Kenya ya mwaka 2018 kinataka mashambulizi na uingiliaji viripotiwe kwa Kamati ya Kitaifa ya Uratibu wa Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ndani ya saa 24. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kuingia katika mfumo bila idhini, chini ya kifungu cha 14, faini yake haizidi shilingi 5,000,000 na kifungo hakizidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa adhabu za kiwango hiki, kumtaja mfanyakazi kwa jina kwa sababu tu SHELL ilionyesha hivi au vile ni jambo tusiloweza kulikubali. Rekodi za kielektroniki zinazopelekwa mahakamani zinahitaji pia cheti kinachotajwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwa hiyo tuletewe faili za kumbukumbu zenyewe, pamoja na saa na kanda ya saa ya seva, na si picha za skrini.