Nia ovu na silaha: nani alaumiwe, na nini kimeua

"Panga halina akili, muuaji ni mtu," mmoja atasema. "Asingekuwa na panga, ungekuwa ugomvi wa ngumi tu," mwingine atajibu. Ubishi huu huzuka mwaloni panaposhushwa samaki, kijiweni kwa bodaboda, hata matangani, na hauishi kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Wa kwanza anauliza nani abebe lawama. Wa pili anauliza kwa nini mtu amekufa. Kwa swali la kwanza sheria ya Tanzania ina dhana yake, nia ovu. Na ingawa dhana hiyo inahusu yaliyomo kichwani mwa mtu, mahakamani huthibitishwa kwa sehemu kubwa kwa kutazama alichokishika mkononi.

Nia ovu ni nini

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha kuua bila kukusudia (kifungu cha 195) na kuua kwa kukusudia (kifungu cha 196). Kwenye makosa yote mawili kuna mtu aliyekufa, na kifo kimetokana na kitendo kisicho halali. Kinachoyatenganisha ni nia ovu peke yake. Pengo la adhabu ni kubwa mno: kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja, kunyongwa hadi kufa, ilhali kuua bila kukusudia kuna adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha lakini jaji ana nafasi ya kushuka hadi miaka michache.

Wengi hudhani nia ovu maana yake ni kukaa chini ukapanga kuua. Kifungu cha 200 kinakwenda mbali zaidi ya hapo. Inatosha kuwa ulikusudia kuua au kumdhuru mtu vibaya, hata kama aliyekufa siye uliyemlenga; ukimrushia mtu mkuki ukampata aliyesimama nyuma yake, nia yako imehamia kwa huyo wa nyuma. Inatosha kuwa ulijua kitendo chako kina uwezekano mkubwa wa kuua au kujeruhi vibaya, hata kama hukujali, hata kama moyoni uliomba asife. Inatosha pia kuwa ulikuwa na nia ya kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka 3, au ulitaka kumsaidia mhalifu atoroke. Jambazi wa ziwani anayejitetea kwamba hakutaka kuua mtu, alifuata mashine ya boti tu, anadhani anajinasua, kumbe ameshajifunga mwenyewe.

Mahakama inaisoma vipi

Hakuna mshambuliaji anayetangaza kwanza kwamba anakuja kuua. Mahakama ya Rufani ililisema hilo katika Rufaa ya Jinai namba 150 ya 1994, ikataja mambo saba ya kupimia: aina na ukubwa wa silaha (kama ilitumika), nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, ingawa pigo moja laweza kutosha, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji kabla ya tukio, wakati wake na baada yake, na mwenendo wake kabla na baada. Hukumu za mauaji bado zinairejea orodha hiyo.

Silaha imetajwa ya kwanza, lakini peke yake haisemi kitu. Mtu aliyechapwa mgongoni kwa bapa la panga na mtu aliyekatwa shingoni kwa makali wamepigwa kwa chombo kilekile, pengine na mkono uleule. Wa kwanza alikuwa anatishwa au anaadhibiwa. Wa pili alikuwa anauawa. Kwa hiyo daktari anayeandika "amepigwa na panga" tu hajasaidia chochote. Anachotakiwa kueleza ni jeraha lilipo, urefu na kina chake, kama limekatwa au limechomwa, na kama viganja na mikono ina majeraha ya kujikinga. Majeraha ya kujikinga huonyesha kwamba marehemu aliona pigo linakuja, na mara nyingi kwamba halikuwa moja, na hapo hadithi ya "alijiangukia mwenyewe" huporomoka.

Mwaloni kuna jambo jingine la kuangalia. Kisu cha kutolea minofu ya sangara kina bapa jembamba, hunolewa kwa tupa mara nyingi kwa siku, na kikiingia tumboni huacha nje tundu dogo linalodanganya. Majeruhi husimama, huongea, wenzake wakadhani amekwaruzwa, kumbe damu inamwagikia ndani. Jeraha la panga mkononi linatisha zaidi kwa macho, na mara nyingi mtu hupona.

Hatua za kwenda kuifuata silaha

Kigezo kinachoamua kesi nyingi za ugomvi wa mgao wa samaki, wa nyavu au wa deni la dagaa ni namna silaha ilivyofika mkononi. Vifungu vya 201 na 202 vinasema mtu aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla, kwa kuchokozwa kwa namna ambayo ingemtoa mtu wa kawaida kwenye mstari, na kabla hasira haijapoa, amefanya kosa la kuua bila kukusudia. Aliyekuwa anakata samaki, akatukanwa au akapigwa, akageuka na kisu kilichokuwa tayari mkononi, ana la kusema mbele ya jaji. Aliyeondoka, akaenda kambini kwake, akachukua panga juu ya dari, akarudi, hana. Kile kipande cha njia ndicho ushahidi: alikuwa na muda wa kupoa, akautumia kujiandaa.

Imani ya uchawi haiingii hapa kirahisi, jambo linaloleta mshangao Usukumani ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Kuamini kwamba bibi fulani alimroga mwanao si uchokozi kisheria. Ulevi nao si utetezi wa moja kwa moja; kwa aliyelewa kwa hiari yake, kifungu cha 14 kwa kawaida kinaruhusu tu uangaliwe kama ulimfanya mtu ashindwe kabisa kuwa na nia. Aliyekunywa gongo apate ujasiri wa kutenda alichokwisha kukusudia hapati nafuu.

Asiyeshika kitu

Ushahidi mkubwa kwamba lawama hufuata nia ni kwamba mtu anaweza kutiwa hatiani kwa mauaji bila kugusa silaha yoyote. Kifungu cha 22 kinamweka aliyetuma, aliyeshauri na aliyewezesha kwenye daraja moja na mtendaji. Kifungu cha 23 kinawafunga pamoja wote waliokuwa na nia moja: aliyeshika tochi, aliyelinda mlango, aliyeendesha mtumbwi.

Mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa yalilionyesha hili kuliko tukio lolote. Panga lilikuwa mwisho wa mnyororo. Mwanzoni alikuwapo mteja anayetaka utajiri, katikati mganga anayemwambia kiungo gani kinahitajika, kisha dalali. Ndiyo maana Serikali, Januari 2009 na tena Januari 2015, haikuhangaika na mapanga. Iliwabana waganga na wapiga ramli. Unaweza kubishana kama hatua zile zilitekelezwa ipasavyo, lakini zililenga pale nia inapotengenezwa.

Kifungu hichohicho cha 23 ndicho kinachowashangaza waliopiga mwizi kwa kundi. Kila mmoja hudai alirusha jiwe moja. Ikithibitika walikuwa na lengo moja, jiwe moja linatosha.

Sasa swali la pili

Hadi hapa msemaji wa kwanza anashinda. Lakini akisema silaha haina mchango kwenye kifo, amekosea, na takwimu za muda mrefu zinamkatalia. Mwaka 1968 mwanasheria Franklin Zimring alilinganisha mashambulizi ya visu na ya bunduki yaliyoandikishwa na polisi wa Chicago. Mengi yalifanana: ugomvi wa watu wanaojuana, pombe, na pigo moja tu, kana kwamba mshambuliaji mwenyewe hakuwa ameamua. Hata hivyo ya bunduki yaliua karibu mara tano zaidi. Mwaka 2018 Anthony Braga na Philip Cook walitazama watu waliopigwa risasi Boston wakakuta kwamba risasi nene ziliua zaidi kuliko nyembamba, ingawa mazingira ya matukio hayakutofautiana sana. Hakuna mtu anayekasirika kwa milimita. Nia ileile, ikipewa chombo kikali zaidi, huacha maiti nyingi zaidi.

Sababu ni za kimwili tu. Kisu kinadai ukaribu, nguvu na mapigo, na anayechomwa anaweza kukimbia, kushika mkono au kupiga yowe. Bunduki inadai kidole. Gobore, lishindiliwalo baruti na vyuma kupitia mdomoni, huchukua karibu nusu dakika au zaidi kujazwa upya; watu wanakuwa wameshatawanyika. SMG ya aina ya AK-47 ina magazini ya risasi 30 na inaweza kuzimaliza ndani ya sekunde chache.

Lipo pingamizi zito, na lilifika ziwani. Mwezi Mei 1994 miili ya waliouawa Rwanda ilishuka na Mto Kagera hadi Ziwa Viktoria, na watu wa mwambao wakaacha kula samaki. Upande wa Uganda peke yake zaidi ya watu 10,000 wamezikwa katika makaburi ya pamoja ya Kasensero, Lambu na Ggolo. Wengi waliuawa kwa panga na rungu. Basi panga linaweza kuua kama bunduki? Linaweza, ikiwa nia imepangwa kama kazi ya serikali: redio inahamasisha, vizuizi vimewekwa barabarani, majina yameorodheshwa. Na hata huko, walipojikusanya watu wengi kanisani wakarusha mawe kujitetea, wauaji walileta mabomu ya mkono na bunduki kuvunja upinzani, ndipo mapanga yakafuata. Chombo hafifu huhitaji mikono mingi iliyokubaliana. Mtu mmoja mwenye panga hafanyi vile.

Kuna na umbali, ambao wabishi huusahau. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na mshipa mkubwa wa paja ukikatwa anaweza kumaliza uhai kwa dakika chache. Aliyechomwa Kirumba, Mwanza mjini, yuko jirani na hospitali ya Bugando. Aliyechomwa kisiwani Ukara anahitaji mtumbwi, kisha afike Nansio kisiwani Ukerewe, kisha kivuko cha saa tatu na zaidi hadi Mwanza. Nia ni moja, kisu ni kimoja, mmoja anapona na mwingine anazikwa. Mshtakiwa hawezi kujificha nyuma ya boti iliyochelewa: kifungu cha 203 kinamhesabu kuwa amesababisha kifo hata kama jeraha lake siyo sababu pekee. Kwa walio kisiwani, jambo la kufanya ni kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, kutochomoa kisu kilichonasa, na kama damu ya mkono au mguu haisimami, kufunga kwa nguvu upande wa jeraha unaoelekea moyoni, si juu ya jeraha lenyewe wala kwenye goti au kiwiko, na kuandika saa iliyofungwa.

Pale silaha yenyewe inapobadilisha kosa

Kwenye unyang'anyi sheria haisubiri damu. Wavamizi wakija usiku kuchukua nyavu na mashine kwa vitisho vya mdomo na makofi, ni unyang'anyi wa kutumia nguvu. Wakiwa na bunduki au panga wakatishia nalo, kifungu cha 287A kinaufanya unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo hakipungui miaka 30, hata kama hakuna aliyekwaruzwa. Kesi hizi huanguka kwa jambo dogo: hati ya mashtaka isipotaja nani alitishiwa, ina dosari.

Dosari nyingine hutokea kwenye vielelezo. Panga lililookotwa eneo la tukio hupita mikononi mwa sungusungu, mwenyekiti wa kitongoji na nusu ya kijiji kabla ya polisi kufika. Linatakiwa kuachwa lilipo; askari alichukue kwa hati ya ukamataji yenye sahihi za mashahidi, alitie alama, na kila makabidhiano yaandikwe. Likitupwa ziwani kesi haifi, mradi kuna mashahidi na ushahidi wa daktari. PF3 nayo, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ikipokelewa mahakamani bila kusomwa kwa sauti, huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa, na hapo kinachobaki ni maneno ya daktari mwenyewe kama aliitwa.

Kinachoweza kuzuiwa

Bunduki ina leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kwa hesabu ya Chicago kila bunduki haramu inayoondolewa ina faida hata kama hasira za watu zimebaki palepale. Panga na kisu cha minofu haviwezi kuwekewa leseni. Ni vyombo vya kazi ya mtu. Kinachoweza kurefushwa ni ile njia ya kwenda kuvifuata. BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, inaweza kuamuru visu vibaki kwenye meza za kukatia na vifungiwe kazi ikiisha, mgao na madeni vihesabiwe mbele ya katibu badala ya kilabuni, na mwenye kilabu akatae kumhudumia aliyekuja na panga kiunoni. Faini ndogo inayotozwa kila mara ina nguvu kuliko kubwa inayotozwa pale tu mkosaji asipokuwa ndugu wa kiongozi.