Kerenhapuki sio Kichagga, na wala sio Karen

Hapa Moshi ukimwita mwanao Neema au Glory hakuna atakayekuuliza kitu, ila mwite Kerenhapuki uone, kuanzia mashangazi mpaka wazee wa kanisa kila mtu ana maelezo yake na mengi ni ya kupika tu.

Eti ni jina la Kichagga cha zamani. Hapana, watu wanachanganywa na urefu wake, wanaliweka fungu moja na kina Aikaeli. Ni Kiebrania, lipo Ayubu 42:14, na Biblia nzima limetajwa mara 1 tu. Ni binti wa tatu wa Ayubu baada ya yale mateso kuisha, dada zake ni Yemima na Kezia.

Eti ni Karen limeandikwa vibaya. Karen asili yake Denmark, ni Katarina aliyekatwa. Ukitaka kumfupisha huyu ni Keren, na Israeli kina Keren wapo wengi tu.

Sasa hii ya pembe ndo inaleta kelele. Ni kweli keren ni pembe, basi mtu akishasikia pembe anaona shetani papo hapo na anaanza kukemea, wakati kwenye Biblia pembe ni nguvu na heshima, Hana mama yake Samweli akiimba anasema pembe yake imetukuka katika Bwana. Na neno hilohilo linabeba pia kung'aa, ndo maana tafsiri ya Kilatini ilipofika kwenye uso wa Musa uliokuwa unang'aa ikaandika pembe, na Michelangelo naye akamchonga Musa na pembe zake kichwani, sanamu iko Roma mpaka leo. Ila kwa huyu binti pembe ni chombo. Samweli alimpaka Daudi mafuta kutoka kwenye pembe, na wazee wa Kimasai pale sokoni Arusha utawakuta na ugoro kwenye kipembe chenye mfuniko, ni kitu cha aina hiyo.

Ndani ya hiyo pembe kuna nini? Hapuki ni wanja. Yaani jina zima ni pembe ya wanja, na hapo ndo wanaopinga vipodozi wanapandisha mori, eti basi ni jina la Yezebeli kwa sababu na yeye alipaka wanja kabla hajachungulia dirishani. Kupaka alipaka kweli, 2 Wafalme 9:30, na neno ni lilelile, lakini Ayubu ndo huyo aliyeitwa mkamilifu na mwelekevu na bado akampa mwanae jina hilo, sasa sijui tumkemee na yeye. Wanja enzi hizo ilikuwa kitu cha thamani, jiwe linasagwa unga laini unahifadhiwa. (Isiwe ruhusa ya kumpaka mtoto mchanga lakini, wanja mwingi wa kusaga una madini ya risasi ndani yake na ni sumu, jina linatosha.)

La mwisho, eti anakumbukwa kwa uzuri tu. Watu wanasoma nusu ya mstari wa 15, kwamba nchi nzima hapakuwa na wanawake wazuri kama hao, wanafunga kitabu. Malizia mstari basi! Baba yao aliwapa urithi pamoja na kaka zao. Na kaka walikuwa 7, sio kwamba warithi walikosekana, kwa sababu wale binti za Selofehadi kwenye Hesabu 27 walipewa kwa kuwa baba yao hakuacha mtoto wa kiume, hawa wamepewa kaka zao wakiwepo. Tena hao kaka majina yao hayakuandikwa hata moja, ya mabinti yako yote 3. Ila nenda kwenye kikao cha ukoo cha kugawa kihamba, yaani shamba la urithi la Wachagga, wazee wanaokijua kitabu cha Ayubu kwa moyo watakutajia ngamia 6,000 na kondoo 14,000, huo mstari wa 15 hutausikia.